Vita dhidi ya rushwa: utajuaje kama serikali inamaanisha?

Swali: "Serikali mpya imeingia madarakani na kutangaza vita dhidi ya rushwa. Kila wiki tunasikia kigogo fulani amekamatwa, mkurugenzi fulani uteuzi wake umetenguliwa. Kazini tumegawanyika: wapo wanaoshangilia, na wapo wanaosema ni visasi tu kwa kuwa waliokamatwa karibu wote ni watu wa utawala uliopita. Mimi ni ofisa manunuzi katika taasisi ya umma. Niliona zabuni ambayo nukuu zote tatu za bei zilitoka kwa kampuni zenye namba moja ya simu. Aliyeidhinisha malipo yale bado yupo kazini, na sasa yuko karibu na wakubwa wapya. Kabla sijafikiria kuripoti, nataka kujua mtu wa kawaida anapimaje kama vita hivi ni vya kweli au ni maonyesho."

Jibu: Ndugu msomaji, ndani ya swali lako yamo maswali mawili yaliyofungwa pamoja. La kwanza ni la raia yeyote: je, tunachoonyeshwa ni mapambano au ni maigizo? La pili ni lako peke yako, nalo ni zito zaidi: nikisema ninachokijua, nitalindwa au nitaangamizwa? Wengi hudhani kwamba jibu la kwanza likiwa zuri, la pili linajijibu lenyewe. Haliko hivyo. Serikali inaweza kumaanisha inachosema na bado ikashindwa kumlinda mtoa taarifa wa ngazi ya chini, na ofisi moja ya ukaguzi yenye watu waadilifu inaweza kufanya kazi safi hata chini ya serikali isiyomaanisha. Nitaanza na swali la raia, kisha nitarudi kwako.

Wenzako wanabishana kuhusu nia, na mabishano ya nia hayana mwisho kwa kuwa hakuna awezaye kuusoma moyo wa mtawala. Isitoshe, nia haisaidii sana katika kupima. Mtawala anaweza kuanzisha vita dhidi ya rushwa ili awamalize wapinzani wake, kisha vyombo alivyoviunda vikakua na kuwa na uwezo ambao hakuutarajia. Mwingine anaweza kuanza kwa moyo safi kabisa, lakini akashikilia kila uamuzi mkononi mwake, na siku anapoondoka hakuna kinachobaki. Kwa hiyo mimi huwa siulizi kama mtawala anaichukia rushwa. Ninauliza kama mapambano yameundwa namna ambayo yanaweza kuendelea hata siku ambayo yeye mwenyewe angependa yasimame.

Hoja ya visasi inahitaji kupimwa kwa haki, kwa sababu ina ukweli nusu. Serikali inapobadilika, ni jambo la kawaida watuhumiwa wa mwanzo watoke katika utawala uliopita, maana hao ndio waliokuwa na funguo za hazina, na majalada yao ndiyo yaliyokuwa yamekaliwa. Ukimwona waziri wa zamani kizimbani katika mwaka wa kwanza, bado hujajua chochote kuhusu ukweli wa vita. Ila ikifika mwaka wa tatu au wa nne, watu wa serikali ya sasa wakiwa nao wameshashika fedha za umma kwa muda wa kutosha kushawishika, na bado hakuna hata mmoja aliyefikishwa mahakamani isipokuwa makarani na wahasibu wa wilaya, hapo wenzako wenye shaka watakuwa na hoja nzito. Zipo pia dalili za mapema. Mtuhumiwa akihamia chama tawala na kesi yake ikapoa, hapo huhitaji kusubiri mwaka wa nne.

Hizi habari za kutenguliwa nazo zisikuchanganye. Kumwondoa mtu katika cheo si adhabu ya rushwa. Ni uamuzi wa kiutawala, na mara nyingi ndio unaotumika kuikwepa adhabu yenyewe. Mkurugenzi anatenguliwa jioni, jina lake linasomwa kwenye taarifa ya habari, watu wanashangilia, na baada ya miezi michache "anapangiwa kazi nyingine". Fedha hazijarudi, mkataba haujavunjwa, mzabuni bado anakula na taasisi ile ile, na hakuna jalada lililofunguliwa. Mimi ningependa zaidi kusikia kwamba mtu mmoja amesimamishwa kazi kwa barua inayotaja tuhuma, uchunguzi ukafanyika, naye akapewa nafasi ya kujitetea, kuliko kusikia kwamba wakurugenzi kumi wametumbuliwa jukwaani.

Ukitaka kipimo, acha kuhesabu waliokamatwa, anza kulifuata jalada. Taarifa inapopokelewa, kuna mtu anayeamua kama inastahili kufunguliwa jalada au itawekwa kabatini. Jalada likifunguliwa, kuna mkuu anayeidhinisha wapelelezi wapatikane, wapewe usafiri, na waruhusiwe kuomba taarifa za akaunti za benki. Wakimaliza, jalada linakwenda kwa mwendesha mashtaka mkuu, ambaye katika nchi nyingi ndiye mwenye kibali cha mwisho. Huko linaweza kurudishwa kwa maelezo kwamba ushahidi hautoshi, likaenda, likarudi, hadi shahidi muhimu astaafu au mtuhumiwa apate cheo kingine. Likifika mahakamani, wiki baada ya wiki hakimu anaambiwa upelelezi haujakamilika. Na hata likianza kusikilizwa, zipo nchi ambamo mwendesha mashtaka anaweza kuyaondoa mashtaka bila kutoa sababu.

Katika kila kituo kati ya hivi, mtu anaweza kuliua jalada bila kuacha alama ya kidole. Hahitaji kukataa, kulikalia tu kunatosha. Anaweza pia kuliua kwa ustadi zaidi, kwa kuandika hati ya mashtaka yenye kasoro, au kwa kumwacha nje ya orodha ya mashahidi yule mhasibu aliyeandaa hati za malipo. Wananchi wanasoma gazetini kwamba "mahakama imemwachia huru kigogo", hasira zote zinamwangukia hakimu, ilhali kesi ilishakufa zamani katika ofisi ambayo jina lake halikuandikwa popote. Ndiyo maana ninakuomba uulize maswali yanayochosha: nani anamteua mkuu wa chombo cha kupambana na rushwa, nani anaweza kumwondoa na kwa utaratibu upi, bajeti yake inapitishwa na nani, na mwendesha mashtaka akikataa kumshtaki mtu analazimika kutoa sababu kwa nani? Kama majibu yote yanaishia kwa mtu mmoja, basi vita hivyo vina kikomo kinachojulikana. Vitafika hadi kwenye mlango wa mtu huyo na vitageukia hapo.

Nigeria ni mfano ambao kila mara huurudia, kwa kuwa unaonyesha pande zote mbili ndani ya miaka michache. Tume yao ya makosa ya kiuchumi na kifedha, EFCC, ilianza kazi mwaka 2003 chini ya Nuhu Ribadu, ofisa wa polisi. Mwaka 2005 Tafa Balogun, aliyekuwa mkuu wa jeshi la polisi la nchi nzima, alitiwa hatiani na kufungwa miezi sita. Kifungo kilikuwa kifupi mno ukilinganisha na tuhuma, lakini kwamba ofisa wa polisi aliweza kumfikisha kizimbani aliyekuwa mkuu wake lilikuwa jambo ambalo halikuwa limezoeleka. Kisha mwezi Desemba 2007 tume ikamkamata James Ibori, gavana wa zamani wa jimbo la Delta, ambaye alitajwa sana kuwa miongoni mwa wafadhili wa kampeni ya rais aliyekuwa ameingia madarakani mwaka huo. Haikuchukua wiki nyingi Ribadu akaelekezwa kuondoka ofisini kwenda kusoma kozi ya mwaka mmoja. Mwezi Desemba 2009 mahakama moja nchini humo ilifuta mashtaka yote 170 dhidi ya Ibori. Mtu huyo huyo, alipofikishwa mbele ya mahakama ya London mwaka 2012, alikiri makosa ya udanganyifu na utakatishaji fedha, akahukumiwa kifungo cha miaka 13.

Tazama kwamba hakuna aliyetangaza kuwa vita vimekwisha. Tume iliendelea kuwepo, jengo lilibaki, watu waliendelea kukamatwa. Kilichobadilika ni mtu mmoja kupelekwa masomoni. Usiku ambao vita vinageuka kuwa maonyesho huwa hauna tangazo, na mara nyingi habari yake inaandikwa kama habari ya uhamisho.

Afrika Kusini walikuwa na kitengo cha uchunguzi kilichojulikana kwa jina la Scorpions, ambacho kilichunguza hadi mkuu wa polisi wa taifa, Jackie Selebi, aliyekuja kuhukumiwa miaka 15 mwaka 2010. Kitengo hicho kilikuwa pia kinamchunguza Jacob Zuma. Mwezi Desemba 2007, mkutano wa chama tawala huko Polokwane ulimchagua Zuma kuwa kiongozi wa chama, na mkutano huo huo ukaazimia kitengo kivunjwe. Kikavunjwa, na nafasi yake ikachukuliwa na kingine kilichowekwa chini ya polisi. Mwaka 2011 Mahakama ya Katiba ilisema wazi kwamba hicho kipya hakikuwa na uhuru wa kutosha. Nchini Indonesia mambo yalikwenda polepole zaidi: sheria ya tume yao ya kupambana na rushwa, KPK, ilibadilishwa mwaka 2019 licha ya maandamano makubwa ya wanafunzi, wafanyakazi wake wakageuzwa kuwa watumishi wa kawaida wa serikali, na mwaka 2021 wafanyakazi 57 waliondolewa kwa maelezo kwamba walishindwa mtihani wa uraia. Miongoni mwao alikuwa mpelelezi mwandamizi Novel Baswedan, ambaye mwaka 2017 alimwagiwa tindikali usoni wakati akichunguza kesi kubwa.

Habari si mbaya kote. Ukraine, mwezi Julai 2025, bunge lilipitisha sheria ya kuviweka vyombo viwili vya kupambana na rushwa chini ya mwendesha mashtaka mkuu. Watu wakaingia barabarani katikati ya vita vya silaha, na ndani ya siku chache sheria nyingine ikavirudishia uhuru wake. Kilichoviokoa vyombo hivyo ni watu kuielewa sheria iliyoandikwa kwa lugha kavu ya kiutawala, wakaisoma kabla haijazoeleka.

Kwa upande wa waliofanikiwa, Hong Kong ya miaka ya 1970, wakati huo ikiwa koloni la Uingereza, ndiyo inayofaa kuangaliwa kwa karibu, na si kwa ile sifa inayotajwa kila mahali. Mwaka 1973 ofisa wa ngazi ya juu wa polisi, Peter Godber, aliyekuwa akichunguzwa kwa mali asizoweza kuzielezea, alipita uwanja wa ndege kwa kitambulisho chake cha polisi na kukimbilia Uingereza. Wananchi wakaandamana. Mwezi Februari 1974 serikali ikaunda tume huru, ICAC, na uamuzi wa maana kuliko yote ulikuwa kuiondoa kazi ya kuchunguza rushwa mikononi mwa polisi wenyewe na kuifanya tume iripoti moja kwa moja kwa gavana. Godber alirudishwa mwaka 1975, akashtakiwa, akafungwa miaka minne. Tume ilipewa idara tatu: moja ya upelelezi, moja ya kuziba mianya katika taratibu za ofisi za umma, na moja ya kuzungumza na wananchi. Wengi hukumbuka ile ya upelelezi tu. Ile ya mianya, ambayo watu wake waliingia ofisini wakauliza kwa nini kibali fulani kinahitaji sahihi nyingi kiasi hicho, haikutoa habari za kusisimua, lakini ndiyo inayofanya mtu anayefuata kwenye kiti kile asipate nafasi aliyokuwa nayo mtangulizi wake.

Sehemu ambayo wasimuliaji huiruka ni ya mwaka 1977. Polisi walipoona tume inazidi kuwasogelea, waliandamana, na baadhi yao wakavamia ofisi za tume na kuwapiga wafanyakazi wake. Gavana alirudi nyuma: akatangaza kwamba makosa mengi yaliyofanyika kabla ya tarehe 1 Januari 1977 hayatafuatiliwa. Kwa wengi ule ulionekana kuwa usaliti, na sina neno la kuwalaumu. Hata hivyo, tume yenyewe haikuguswa, uhuru wake haukupunguzwa, na makosa mapya yaliendelea kufuatiliwa. Ninaona hapo tofauti ambayo mtu anayepima serikali yake anapaswa kuijua: serikali inaweza kulegeza kuhusu yaliyopita kwa sababu haina nguvu ya kupigana na kila mtu kwa wakati mmoja, na bado ikawa inamaanisha. Ikilegeza kuhusu yajayo, yaani ikikipunguzia chombo meno yake, hapo hakuna cha kutetea. Singapore nao, mwaka 1991, waliingiza katika katiba kifungu kinachomruhusu mkuu wa ofisi ya kuchunguza rushwa kuendelea na uchunguzi kwa idhini ya rais hata kama waziri mkuu amekataa. Kifungu cha namna hiyo kina thamani kuliko hotuba mia.

Kuna dhana nyingine inayopendwa sana, nayo ni kwamba ukali wa adhabu ndio ushahidi wa dhamira. Serikali inapandisha kifungo kuwa cha miaka 30, inaondoa dhamana, na watu wanasema sasa wamedhamiria. Mimi hapo huanza kuwa na wasiwasi. Anayepokea hongo hapigi hesabu ya miaka. Anapiga hesabu ya uwezekano wa kukamatwa, na kama anajua faili lake haliwezi kufika popote, miaka 30 ni namba tu. Ubaya zaidi ni kwamba sheria kali isiyo na dhamana humpa mwenye uwezo wa kuitumia bidhaa mpya ya kuuza. Mpelelezi anayeweza kukuweka mahabusu miaka miwili kabla kesi haijaanza hahitaji kushinda kesi. Inatosha akupigie simu kabla hajakufungulia mashtaka. Vita dhidi ya rushwa vinaweza kuwa soko jipya la rushwa, na wanaolijua soko hilo vizuri ni wafanyabiashara waliokwisha kulipa ili majina yao yaondolewe.

Usitegemee sana pia orodha za kimataifa zinazopanga nchi kila mwaka. Ile maarufu zaidi, iliyoanza kutolewa mwaka 1995, hupima jinsi wataalamu na wafanyabiashara wanavyoiona rushwa katika sekta ya umma. Haipimi rushwa yenyewe. Nchi inayofichua uozo wake kwa mara ya kwanza inaweza kuonekana mbaya zaidi kwa muda, na nchi inayoziba midomo ya waandishi inaweza kuonekana safi. Mwelekeo wa miaka kumi una la kusema. Kupanda au kushuka kwa nafasi tatu katika mwaka mmoja hakuna.

Zipo dalili za kimya ambazo wewe, kwa kazi yako, unaweza kuziona kabla ya mtu mwingine yeyote. Je, mikataba ya umma imeanza kuchapishwa ikiwa na jina la mmiliki halisi wa kampuni na bei iliyokubaliwa, au bado unaambiwa ni siri? Je, mkaguzi mkuu wa hesabu bado anaandika anachokikuta, na hoja zake zinajibiwa kwa nyaraka au kwa matusi? Je, watoa hongo nao wanashtakiwa, hasa kampuni kubwa, au ni wapokeaji tu? Je, matamko ya mali za viongozi yanaweza kuonwa na mwananchi bila kuomba kibali kwa wale wale walioyaandika? Nchini Uganda, uchunguzi uliofuatilia ruzuku za shule za msingi kati ya mwaka 1991 na 1995 ulionyesha kwamba kwa wastani takriban asilimia 13 tu ya fedha hizo ndizo zilizozifikia shule. Serikali ilianza kuchapisha magazetini kiasi kilichotumwa kila wilaya, na kiwango kinachofika kikapanda sana. Watafiti wamebishana ni kwa kiasi gani magazeti peke yake yalileta mabadiliko hayo, na mabishano hayo ni ya haki, lakini hakuna aliyelazimika kufungwa ili mwalimu mkuu ajue alipaswa kupokea kiasi gani.

Basi nchi yako iko wapi? Kutokana na ulichoniandikia siwezi kusema, na mtu atakayekupa jibu la hakika kwa habari za miezi michache anakupa ushabiki. Serikali nyingi haziko upande mmoja. Zinapambana kwa dhati na rushwa ya ngazi ya chini, ile ya kaunta na barabarani, kwa sababu inawaudhi wapiga kura na haimgharimu mkubwa chochote, kisha zinasimama pale ambapo fedha za chama na za kampeni zinaanza. Vidagaa wanavuliwa, mapapa wanaachwa. Usemi huo umechakaa kwa sababu hali yenyewe haijabadilika. Vita vya nusu si bure, maana mama aliyekuwa akitoa kitu kidogo ili apate cheti cha kuzaliwa cha mtoto amepata nafuu ya kweli. Ila mtu kama wewe, ambaye taarifa yake inagusa aliye karibu na wakubwa, hapaswi kuipima usalama wake kwa nafuu ya huyo mama.

Sasa nirudi kwako, na hapa naomba unisome polepole. Kesi yako, kwa bahati mbaya, ndiyo aina hasa ya kesi inayopima vita, kwa kuwa mtuhumiwa ana mlango wazi kwa walio madarakani. Hilo halikufanyi uwe na wajibu wa kujitoa mhanga ili sisi wengine tupate kujua jibu. Wajibu ulio nao kisheria unategemea nchi yako. Katika nchi nyingine mtumishi wa umma analazimika kuripoti, na akinyamaza anaweza kushtakiwa yeye. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kumwona wakili asiye na uhusiano wowote na taasisi yako, kabla ya kumweleza mfanyakazi mwenzako hata mmoja. Kama huna uwezo wa kumlipa, tafuta kituo cha msaada wa kisheria au chama cha mawakili kikuelekeze.

Wakili huyo atakuuliza swali ambalo katika barua yako hukuligusa: je, sahihi yako iko kwenye karatasi za zabuni ile? Kama ulizipokea nukuu zile, ukaziorodhesha na kuzipeleka kwenye kikao, basi siku jalada litakapofunguliwa wewe unaweza kuwa shahidi au unaweza kuwa mshtakiwa wa kwanza, na mara nyingi kinachotofautisha ni nani alisema nini mapema na kwa maandishi. Sikutishi. Ninakueleza jinsi makosa ya wakubwa yanavyoteremka ngazi hadi kumfikia aliyejaza fomu.

Ujiandae pia kutenganisha ulichokiona na unachokiamini. Ulichokiona ni namba moja ya simu kwenye nukuu tatu. Ni dalili nzito ya kula njama, lakini bado ni dalili. Wapelelezi watahitaji kuangalia wakurugenzi wa kampuni hizo kwenye usajili, namba zao za mlipakodi, na akaunti zilizopokea malipo. Andika tarehe, namba ya zabuni, kiasi, nani alikuwepo kwenye kikao cha tathmini, na uandike ukiwa bado unakumbuka. Usichukue nyaraka halisi wala kunakili mafaili ambayo kazi yako haikupi ruhusa ya kuyafungua, maana hilo humpa mtuhumiwa kosa la kukushtaki nalo, na mjadala mzima utahama kutoka kwake kwenda kwako.

Kuhusu mahali pa kuripoti, wengi hukimbilia chombo cha kupambana na rushwa au mitandao ya kijamii. Mitandao ni njia mbaya kwako: sheria nyingi za kulinda watoa taarifa humlinda aliyepeleka taarifa kwenye ofisi zilizotajwa na sheria, na aliyeirusha hadharani anaweza kupoteza ulinzi wote. Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya rushwa, ulioanza kutumika mwaka 2005, unazitaka nchi zifikirie kuweka ulinzi kwa watoa taarifa. Kuzifikirisha si sawa na kuzilazimisha, ndiyo maana tofauti kati ya nchi na nchi ni kubwa, na ndiyo maana unahitaji wakili wa huko uliko. Chombo cha kupambana na rushwa kinafaa kama kina utaratibu wa kupokea taarifa bila jina na historia ya kuitunza siri hiyo. Lakini kuna njia ambayo watu wa manunuzi huisahau, nayo ni mkaguzi wa nje wa hesabu. Mkaguzi huchagua mikataba ya kupitia kila mwaka, na zabuni yako ikiingia kwenye sampuli yake, nukuu zile tatu zitamwonyesha mwenyewe namba ile ya simu. Hoja itakuwa yake, kwa jina la ofisi yake, na hakuna atakayelazimika kuuliza nani alisema. Haifai pale ambapo fedha zinaendelea kutoka kila wiki na muda ni mali, lakini kwa malipo yaliyokwisha kufanyika ndiyo njia ambayo ningeizungumza na wakili kabla ya nyingine yoyote.

Kuna mambo matatu ambayo yakitokea hupaswi kuendelea kutafakari bali umwone wakili siku hiyo hiyo: ukiombwa kusaini karatasi yoyote ya zabuni ile kwa tarehe ya nyuma, ukipewa uhamisho wa ghafla au fedha usizozielewa, au mtu akikutajia familia yako katika mazungumzo yanayohusu kazi. Hilo la tatu lipeleke pia polisi ukiwa pamoja na wakili. Nyaraka zako na maandishi yako usinitumie mimi, wala usimtumie mtu yeyote kwa simu au barua pepe ya kazini. Mpelekee wakili wako ana kwa ana, nje ya ofisi, na umwachie nakala.